Kutoka Arusha hadi usawa wa bahari: siku nne Tanga na timu yetu ya tenisi

Nimerudi, nimelala, nimefua jezi. Naandika haya kutoka kwenye daftari lililolowa maji ya dafu na picha mia mbili na kitu za kwenye simu. Naandika mapema kabla sijasahau, kwa sababu walimu wawili wa shule nyingine wameshaniuliza safari kama hii inagharimu nini na kama inawezekana. Inawezekana.

Mwaka jana wenzetu wa Tanga ndio walipanda kwetu. Tuliwafunga 5 kwa 2, na wanafunzi wangu waliimba wiki nzima. Mwalimu wao, wakati anapakia mabegi kwenye gari, aliniambia kwa upole: "Dada, mwakani mje nyinyi. Mtukute usawa wa bahari." Nilidhani ni maneno ya kuagana tu. Ilinichukua mwaka mzima, na siku moja ya mazoezi kule Tanga, kuelewa alichokuwa ananiambia.

Alhamisi, 19 Juni. Arusha hadi Tanga

Stendi saa 11 na nusu alfajiri. Baridi ya Juni Arusha wanaoijua wanaijua: watoto wamevaa masweta mawili mawili, mikono imeingia kwapani. Tulikuwa kumi: wasichana wanne, wavulana wanne, mimi na mwalimu mwenzangu wa hisabati, ambaye ndiye anayewafundisha kupiga sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi. Nauli shilingi 24,000 kwa kila kichwa, kwenda tu.

Utingo alitaka mabegi ya raketi yaende kwenye buti. Nilikataa, tukabishana kidogo huku abiria wakitusubiri. Raketi zetu tano kati ya kumi ni za mtumba, tumezichagua moja moja soko la Memorial pale Moshi, na nyuzi zake tumezifunga wenyewe. Buti la basi linapata joto kali, na joto hulegeza nyuzi. Nilipomweleza hivyo alizipokea mwenyewe kama anapokea mtoto, akazilaza juu ya siti ya nyuma kabisa, akasema, "Basi, madam, hizi zitakuwa chini yangu." Kila tulipopita tuta alikuwa anageuka kuziangalia.

Kwa watakaofuata: ukienda Tanga, milima ya Upare na Usambara yote iko kushoto, na jua la asubuhi nalo liko kushoto. Anayetaka kuona milima akae huko avumilie jua. Wachezaji wakalishe kulia wapumzike.

Moshi, Mwanga, Same: wote walilala. Tulipopita Makanya, kama saa 4, tairi la nyuma likapasuka. Jeki ya basi haikufanya kazi, na hatukuwa na la kufanya ila kungoja lori lenye jeki. Saa moja na dakika arobaini, juani, kando ya barabara kuu.

Hapo ndipo alipotutokea mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbele ya nyumba yake. Alituita chini ya mgunga, akatoa mkeka na vigoda vitatu, akasema watoto wa watu hawasimami juani wakati yeye yupo. Mjukuu wake, wa miaka kama sita, alikuwa hajawahi kuona raketi. Nahodha wetu akampa yake, akamsimamia nyuma, akamshika mikono. Mpira wa kwanza wa maisha ya yule mtoto uliruka ukaingia katikati ya shamba la mkonge. Nahodha akaufuata, akarudi nao, na mchirizi wa damu kwenye muundi, maana kila jani la mkonge lina mwiba nchani. Bibi wa mtoto akamwosha kwa maji ya chumvi bila kuuliza mtu. Ndizi tulizokula alikataa kuzipokelea hela. Mpira ule tuliuacha pale.

Mombo tulifika saa 7 na nusu. Chakula cha njiani nilikipangia 7,000 kwa mtu, na kilitosha: wali, maharage, kipande cha kuku, soda. Korogwe, Segera. Pale Segera barabara ya Tanga inakata, na baada ya hapo hewa ya dirishani inabadilika. Inakuwa na maji ndani yake. Masweta yakaanza kuvuliwa moja baada ya jingine. Muheza machungwa yalikuwa yameshatia fora, yanaingizwa dirishani kwenye vifuko vya wavu. Nilichukua ya 5,000, yakaisha kabla ya Pongwe.

Stendi ya Kange, saa 10 na nusu. Mwalimu mwenyeji alikuwa ametusubiri tangu saa 8. Hakulalamika hata neno moja. Bajaji tatu, 4,000 kila moja, mpaka kwenye bweni la shule yao ambalo lilikuwa tupu kwa likizo. Jioni wali wa nazi, changu wa mchuzi na mchicha. Msichana wetu wa kidato cha kwanza aliuliza kama anaweza kuongezewa. Aliongezewa mara mbili.

Ijumaa, 20 Juni. Siku ya kujua hatujui

Saa 1 asubuhi tulikuwa kiwanjani. Ni kiwanja cha saruji, mivinje imekizunguka pande mbili, na bahari unaisikia bila kuiona. Mistari ilikuwa imefifia. Vijana wao wawili walikuwa wanachanganya chokaa kwenye ndoo ili waichore upya kwa ajili ya kesho.

Nilifungua kopo jipya la mipira, wakaanza. Kila mpira ukawa unaishia wavuni, au unatua katikati ya kiwanja ukisubiri kupigwa na mpinzani. Mpigo uleule ambao kwetu unatua karibu na mstari wa nyuma, hapa ulikufa mita mbili kabla. Nahodha, mwenye sevu kali kuliko wote, alianza kuangalia raketi yake kana kwamba imebadilishwa usiku.

Mwalimu wa hisabati akawakusanya. Nimeandika maneno yake karibu yote, maana ndiyo sababu ya mimi kuandika haya. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo mpira haupati wa kuuzuia, unakwenda mbali. Tena ndani ya mpira kuna hewa iliyofungiwa. Nje ikiwa nyepesi, ile ya ndani inausukuma mpira uruke juu zaidi ukidunda. Ndiyo maana sheria za tenisi za dunia zina aina ya pekee ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Sisi hatuna mipira hiyo. Tunatumia ya kawaida, na watoto wetu wamejifunza, bila kuambiwa, kuuzuia mpira usipotee. Hapa Tanga hewa ni nzito, unyevu unaingia kwenye manyoya ya mpira yanavimba, na mpira unakuwa kama umebeba mzigo. "Mwaka jana wao walipiga nje siku nzima," akasema. "Mkawacheka. Sasa nyinyi mnapiga wavuni."

Kimya. Kisha nahodha akauliza: "Kwa hiyo hatukuwafunga sisi?"

Mliwafunga nyinyi, nikamwambia, lakini na mlima ulikuwa upande wenu. Nililisema hilo mbele ya wenyeji na sijutii. Mwanafunzi anayeshinda kwa sababu asiyoijua atashindwa kwa sababu asiyoijua.

Na juu ya yote kulikuwa na kusi. Juni upepo huu unavuma kutoka kusini karibu mchana kutwa, na kiwanja, kama viwanja vingi vya tenisi, kimelazwa kaskazini na kusini ili jua lisimpige mtu usoni. Maana yake upepo unapita kiwanja kwa urefu. Upande mmoja unausindikiza mpira wako, upande mwingine unakurudishia. Vijana wa Tanga walituonyesha wenyewe, hatukuwaomba: ukiwa na upepo mgongoni piga chini, karibu na wavu, ukiwa nao usoni piga kwa nguvu zako zote bila woga. Sijui ni timu gani nyingine ingewafundisha wageni siri ya kiwanja chake siku moja kabla ya pambano.

Kuanzia saa 6 tulisimama kwa ajili ya swala ya Ijumaa. Kwa watakaofuata: usipange mechi Tanga Ijumaa mchana, na usiombe ipangwe.

Mchana huo ndipo nyuzi za raketi ya msichana wetu mpiga mkono wa kushoto zilipokatika, tena mbili kwa mkupuo. Ndiye tegemeo letu la wasichana. Raketi za akiba zilikuwepo, ila shikio la kila moja ni nene kwa mkono wake. Mwenyeji wetu alisema mashine ya kufunga nyuzi hakuna jirani, lakini fundi baiskeli yupo.

Tanga ni mji wa baiskeli, na mafundi wake ni mafundi kweli. Mzee huyu ana kibanda Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo babu," akajibu, "Marahaba wajukuu zangu, mmeniletea nini?" Aliigeuza raketi, akaihesabu matundu, akasema: nyuzi mnapata Deep Sea.

Deep Sea ndiko kunakoshushwa samaki, na wanapouza vifaa vya uvuvi kuna mishipi ya nailoni ya kila unene. Uzi wa raketi huwa kati ya milimita 1.2 na 1.4, na raketi moja hula kama mita 12. Tulinunua mshipi wa milimita 1.3 kwa shilingi 4,000. Muuzaji alipima mita 15, akasema tatu ni za bahati.

Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Mwalimu wa hisabati alipitisha uzi, mzee alivuta kwa koleo, na kila uzi ulipokaza alichomeka tunduni spoki aliyoinoa ncha ili usirudi nyuma. Kisha akaupiga uzi kwa kidole gumba na kusikiliza, kama anavyofanya akinyoosha rimu. "Sikia mlio, mjukuu wangu," akamwambia binti. "Spoki zikiwa sawa zinalia sauti moja. Na hizi vilevile. Wewe masikio unayo, huhitaji mashine." Akamwachia aupige kila uzi mwenyewe. Mbili zililia tofauti. Akazifungua, akazikaza tena.

Malipo alikataa. Alisema nimlipe siku binti akirudi na habari.

Usiku tulikula palepale Ngamiani kwa mtu 3,500: mishkaki, mihogo ya nazi, na kwa waliothubutu, supu ya pweza. Wavulana wawili tu ndio walithubutu.

Jumamosi, 21 Juni. Pambano

Michezo saba: mmoja mmoja miwili ya wavulana na miwili ya wasichana, wawili wawili ya wavulana, ya wasichana, na mchanganyiko. Mshindi seti mbili. Wakifungana moja moja, badala ya seti ya tatu wanacheza taibreka ya pointi 10, tofauti ya mbili. Hatukuwa na refa. Kanuni ni kwamba mpira ulioanguka upande wako unauamua wewe, na ukiwa na shaka basi umeingia.

Saa 2 asubuhi upepo ulikuwa bado umelala, nao wakati huo tuliutumia. Mvulana wetu wa pili alishinda haraka. Msichana wa kidato cha kwanza alipoteza haraka vilevile, 6–1, 6–1, akatoka akiwa amenyooka kabisa, akampa mwenzake mkono, kisha akaja kulia begani kwangu. Nahodha alishindwa katika seti mbili. Alipiga sevu nzuri kama za nyumbani, zikarudishwa zote, kwa sababu hewa ilimpa mpinzani wake muda wa kuzifikia. Wawili wawili wavulana tukapoteza, wasichana tukashinda. Saa 5 na nusu tulikuwa 3 kwa 2, wenyeji mbele, na kusi limeamka.

Akaingia binti wa mkono wa kushoto na raketi yake ya mshipi.

Mpinzani wake ni msichana mrefu, mtulivu, anayecheza akiwa amevaa hijabu nyeupe na suruali ya michezo, na anayeujua upepo ule kama anavyoujua uchochoro wa kwao. Seti ya kwanza 6–3 kwake. Wetu alikuwa anapiga kwa uangalifu wa Arusha. Wakati wa kubadilisha upande nilimwambia jambo moja tu: ukiwa na upepo usoni, sahau kwamba kuna mstari wa nyuma. Seti ya pili ilichukua karibu saa nzima. Mipira ya juu ikiingia upepo inasimama kama kipanga, halafu inaanguka wima. Watoto wote, wao na wetu, waliacha kushangilia upande wao, wakawa wanapigia makofi mpira mzuri wowote. 7–5 kwetu.

Taibreka. Kila pointi sita wanabadilishana upande, kwa hiyo kila mtu anaonja upepo wote. 3–3. 6–6. 8–8. Wetu akiwa na upepo usoni alipiga mpira kwa nguvu zake zote, mrefu, kwenye kona. Mimi nilikuwa pembeni, karibu usawa wa mstari, na nikauona umetoka. Niliuma midomo. Yule binti wa Tanga alikuwa ameshageuka, ameshaufuata, hakuufikia. Angesema umetoka, ingekuwa 9–8 kwake na pointi moja tu ya kumaliza, na hakuna mtu pale, mimi nikiwa wa kwanza, ambaye angebisha.

Akanyoosha kiganja chini. "Umeingia."

Wetu alishinda 10–8. Walipokuwa wanapeana mikono nilimwendea yule binti, nikamwambia mimi niliuona umetoka. Akanionyesha mpira, alikuwa bado anao mkononi. Ulikuwa na doa jeupe la chokaa, ile waliyochora wenzake jana. "Umegusa mstari, madam," akasema, kana kwamba ananieleza saa ngapi.

Nina picha ya mpira ule. Ndiyo picha bora ya safari.

3 kwa 3. Mchezo wa mchanganyiko tulipoteza 6–4, 6–4, kwa haki, na pambano likaishia 4 kwa 3 kwao. Nahodha alikaa peke yake chini ya mivinje. Aliyemfuata ni nahodha mwenzake wa Tanga, na madafu mawili. Wamekaa pale nusu saa, sijui walizungumza nini na sikuuliza. Madafu yetu wengine yalikuwa 1,000 moja, na moja ndilo lililomwagikia daftari hili.

Jioni tulipita Ngamiani. Binti alimweleza mzee fundi pointi kwa pointi, mpaka 8–8. Mzee aliomba aishike raketi, akaupiga uzi wa katikati, akasikiliza. "Umeshuka kidogo," akasema. "Utashuka tena kidogo, kisha utatulia." Hela alikataa tena.

Jumapili, 22 Juni. Kurudi

Kange saa 12 asubuhi, Arusha saa 9 alasiri. Hakuna lililotokea. Tulipopita Makanya nilikaa dirishani kumtafuta yule mama. Nyumba niliiona, yeye hakuwepo, ila mtoto alikuwa uani na kipande cha ubao mkononi.

Gharama, kwa walioniuliza. Wazazi walichanga 75,000 kwa kila mwanafunzi, jumla 600,000, shule ikaongeza 200,000. Nauli kwenda na kurudi 480,000. Chakula cha njiani 140,000. Makopo manne ya mipira, kwa 25,000, ni 100,000. Bajaji 24,000. Ngamiani usiku 35,000. Madafu 10,000, machungwa 5,000, mshipi 4,000. Nilirudi na 2,000. Malazi na milo mingine tulipewa na wenyeji, na hilo ndilo linalofanya hesabu itimie; kwa hiyo ukiwaalika kwako, nawe watayarishie bweni. Kingine: jipe siku mbili za mazoezi kule kabla ya mechi, si moja. Ningekuwa na siku moja zaidi ya hewa ile, wavulana wangu wangeizoea.

Jumanne, 24 Juni

Mazoezi ya kwanza baada ya kurudi. Masweta yamerudi. Mipira sita ya kwanza yote ilipita juu ya uzio, na jirani akairusha ndani mmoja mmoja akiuliza tumekula nini huko. Nahodha anataka tuzungushie mipira nguo kuukuu ili iwe mizito, tufanye Tanga yetu hapahapa. Tumekubaliana kujaribu Ijumaa.

Binti wa mkono wa kushoto amekataa kubadilisha nyuzi. Kabla ya kila sevu anasimama, anaupiga mshipi kwa kidole gumba, anausogeza sikioni.